Orodha ya Kanisa la Waliosalia

Nakorowai,
Jumamosi, 23 Machi 2019

Dada Litia mpendwa,

Pokea salamu zangu, za mke wangu Sereima na za nyumba yetu nzima. Goti lako linaendeleaje? Shemeji bado anaendesha basi la shule, au wamemwachia apumzike? Wapwa zangu nasikia wamekuwa warefu hata wanainama mlangoni. Huku tunapumua, na siku hizi kupumua si jambo dogo. Sereima aliugua homa ya dengi mwezi wa Januari, akalala siku tisa. Siku ya kumi alinigombeza kwa kuunguza samaki, ndipo nikajua amepona.

Nisamehe kwa kukawia kujibu. Barua yako ya Krismasi nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Ningeweza kukupigia simu, lakini simu ya huku hukatika kila ninapofika kwenye jambo lenyewe, na safari hii najijua, ningefurahi ikikatika. Kwa hiyo naandika.

Ulisema watoto wanaulizwa huko Sidni wanatoka kanisa gani, nawe ukajikuta huna jibu. Ukaniomba niwaandikie habari zake tangu mwanzo, kwa kuwa mimi ndiye katibu na vitabu viko kwangu. Basi waambie hivi.

Mwaka 1918, mwezi wa Novemba, homa iliyoshuka na meli kule bandarini Suva ilipanda mto ikafika kwetu. Kijiji kilizika watu kila siku kwa wiki tatu. Ng'ambo, kwenye mabanda ya vibarua wa Kihindi wa kiwanda cha sukari, hakukuwa hata na wa kuzika. Katekista wetu Josateki alikufa siku ya nne. Mkewe, Salanieta, akabaki na chungu kimoja na Biblia. Siku hiyo kibarua mmoja jina lake Permal alivuka mto kwa mtumbwi wa kuazima, akasimama mbali kidogo na nyumba, akasema amekuja kuomba watu wa kubeba maiti. Salanieta akamjibu, "Watu hakuna. Niko mimi." Wa tatu wao alikuwa Bauro, yule mtu wa Visiwa vya Solomoni aliyeletwa akiwa kijana kulima minazi ya wazungu na hakurudishwa tena kwao. Hao watatu walipika uji katika chungu kile kimoja, wakauvusha mto kwenda na kurudi, wakazika wa huku na wa kule katika shamba moja. Wageni husema kanisa letu lilianza kwa upendo. Bibi Rut, aliyeolewa na mjukuu wa Permal, huwasahihisha. Anasema lilianza kwa uchovu, maana hawakuwa na nguvu za kuchimba makaburi ya aina mbili.

Homa ilipokwisha, waliobaki wakakusanyika katika banda la kukaushia nazi. Mchungaji hakuna, kengele hakuna. Permal, ambaye hakuwa Mkristo bado, aliuliza, "Huyu Mungu aliyetubakiza sisi, ni wa nani?" Salanieta akasema, "Ni wa waliosalia." Jina likashika hapo hapo.

Mambo tunayoyaamini unayajua, lakini watoto hawayajui. Meza ni ya kila aliyefika. Mkate wetu ni roti, kwa sababu unga ndio uliokuwepo siku ile, na kikombe ni maji ya dafu. Mwanamke anaongoza ibada sawa na mwanamume. Sala ya Bwana husemwa na wote kwa pamoja, kila mtu kwa lugha ya mama yake, mpaka mgeni anadhani amefika soko la samaki. Mume wa Bibi Rut alisali nasi miaka thelathini na moja, akafa bila kubatizwa, na amezikwa mstari wa mbele. Juu ya yote iko kanuni ya Salanieta, kwamba mlangoni hatuulizi. Mtu haulizwi ukoo, wala kabila, wala alikotoka, wala aliyelala naye. Katika kitabu tunaandika jina na siku aliyokuja, basi.

Makanisa ya jirani yalituita kanisa la supu, eti kila kitu kimo. Mwaka ule wa fujo za kupindua serikali, vijana wa mjini walipokuja na madumu ya petroli wakitaka kulichoma kanisa la Wahindi, kama walivyoliita, baba yake Mzee Kinijoji, aliyekuwa mkuu wa ukoo wetu kabla yake, aliketi kwenye ngazi. Akawaambia, "Anzeni na mimi. Nimekauka, nitawaka upesi." Wakaondoka. Hilo nawe uliliona kwa macho yako.

Hayo ndiyo ya kuwaambia watoto. Yanayofuata ni yako wewe.

Dada, bahari imetushinda. Ulipoondoka, maji makuu ya bamvua yalikuwa yanagusa mizizi ya minazi. Sasa yanaingia jikoni. Magimbi hayaoti tena, chumvi imeyaua yote. Makaburi ya mstari wa nyuma yameshaondoka. Tulikusanya tulichokiona, tukazika upya, na hatukujua nani ni nani. Bibi Rut akasema kwa hao hakuna haja ya kujua, wamezoea kuchanganyika.

Mwaka juzi serikali ilikubali kutuhamishia kilimani. Tuliimba siku hiyo, nadhani ulisikia huko uliko. Wakaja na vipimo, wakasema wana uwezo wa nyumba za mbao na bati, na mhandisi akaonyesha sehemu isiyoporomoka. Ni ndogo, Dada. Nimeipima kwa miguu yangu zaidi ya mara moja nikitumaini mhandisi amekosea. Upande mmoja mwamba, upande wa pili udongo unaoteleza kila mvua. Nyumba ishirini na sita, haiongezeki hata moja. Nasi tulikuwa nyumba thelathini na tatu.

Kilima ni ardhi ya ukoo. Sheria inasema anayejengewa juu ya ardhi ya ukoo awe ameandikwa katika kitabu cha ukoo. Na koo tatu za upande wa kusini zinadai kile kilima ni chao. Wanangoja tukosee kidogo tu, wafungue kesi.

Afisa wa serikali, kijana mstaarabu tu, alikuja kwangu kwa sababu kitabu cha kanisa ndicho pekee chenye majina ya watu wote wa kijiji. Akanipa karatasi yenye safu nne. Jina, umri, idadi ya watoto, ukoo. Nilimwambia sisi hatuna safu ya nne. Akacheka kwa adabu, akasema, "Mzee, hata mimi nisingependa kuwa nayo."

Nilikwenda kwa Bibi Rut, maana mwaka huu ni zamu yake kuongoza. Alikuwa anakanda unga. Akasema, "Andika Waliosalia. Wote. Kuanzia juu mpaka chini." Nikaandika hivyo, watu mia moja sitini na mbili, ukoo Waliosalia. Baada ya wiki karatasi ikarudi. Afisa alisema mashine imekataa, ukoo huo haupo. Bibi Rut akaniuliza, "Mashine ina umri gani?" Nikamwambia labda miaka mitatu. Akasema, "Haya, si kosa lake. Mtoto huyo."

Lakini mara ya pili niliandika kama walivyotaka. Katika miaka mia moja ya kanisa letu, mkono wa kwanza kutenga majina ulikuwa wangu. Ishirini na sita huku, saba kule. Kule ni Bibi Rut na mwanawe, familia nyingine mbili za akina Permal, nyumba ya akina Fong wenye duka, na nyumba tatu za kizazi cha Bauro. Mmoja wao ni Vasiti, unamkumbuka alipokuwa anabebwa mgongoni, sasa ana mume na binti wa miaka mitatu anayeitwa Lusi. Waliambiwa wataangaliwa katika awamu nyingine. Hakuna aliyesema awamu hiyo ni lini. Nilipowasomea, hakuna aliyenitukana. Ningeshukuru wangenitukana.

Tulihama mwezi wa Oktoba. Nyumba yangu ni nambari kumi na nne, haivuji. Kanisa limebaki chini, na Jumapili tunashuka wote kwenda kusali. Bamvua likiangukia Jumapili tunasimama ndani ya maji, wazee wanakaa juu ya meza. Wa chini hutugawia mkate kwanza sisi wa juu, kwa kuwa tumetembea. Dada, mimi ule mkate nimekuwa nauweka shavuni mpaka niko nje.

Mzee Kinijoji naye amekonda. Unajua yeye na Bibi Rut walivyo watani. Zamani angemwambia, "Wewe bibi, ukifa nani atatuunguzia roti?" naye angemjibu, "Utakuwa umeshanitangulia, kwa hicho kileo cha kava unachokunywa kama ng'ombe." Siku hizi wakikutana anamsalimu kwa heshima, anaangalia chini. Bibi Rut aliniambia hilo ndilo linalomuuma kuliko maji, kusalimiwa kwa heshima na Kinijoji.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nimelizunguka tangu juu ya barua.

Nilipokuwa natengeneza orodha nilifungua kitabu cha kwanza kabisa, mwandiko wa Salanieta mwenyewe. Nilikuwa natafuta mwaka tu. Nikakuta mistari hii, nainakili kama ilivyo: "Leo mtoto wa kiume, kama miezi minne, amekutwa hai kifuani mwa mama yake aliyekufa, katika mabanda ya kiwanda. Permal amembeba kuvuka mto. Jina lake halijulikani. Jioni tumempeleka kwa mkuu wa ukoo na jino la nyangumi la marehemu mume wangu, naye amepokea. Ataitwa Apisai."

Huyo ni babu yetu mzaa baba, Dada. Ndiye niliyerithi jina lake. Nywele zako walizokuwa wanazivuta shuleni wakikuita binti wa Mhindi muuza nguo, zimetoka kwenye yale mabanda. Sisi damu yetu haikutoka kilimani. Kama ni damu, jina langu lilipaswa kuwa kule kwa wale saba.

Nilikisoma kitabu kile saa tatu asubuhi. Saa sita nilimpa afisa karatasi, na jina langu lilikuwa huku, kwa wale ishirini na sita. Sikusahau. Niliwaangalia wanangu wakicheza kwenye matope ya chumvi, nikaandika. Halafu miezi mitano nikakaa kimya katika nyumba isiyovuja.

Mwanzoni mwa mwezi huu nilishindwa. Nilikwenda kwa Mzee Kinijoji na kitabu kwapani, nikakaa sakafuni, nikamsomea. Nilitarajia anifukuze. Naona nilitaka anifukuze, ili mtu mwingine achukue nyumba yangu na mimi nipone. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umemaliza? Sisi wazee wote tunajua. Babu yako aliletwa kwa jino, likapokewa kwa makofi. Kilichopokewa kwa makofi hakirudishwi. Jina lake limo katika kitabu cha ukoo tangu siku ile, na lako limo kwa haki. Wewe ni wetu kuliko baadhi ya wanangu."

Nikamwambia, "Basi na hawa saba wapokelewe kwa jino. Nitalitafuta mimi, hata saba nitayatafuta."

 Akasema, "Apisai, babu yako alikuwa kitoto kimoja. Hizi ni nyumba saba. Utaziweka wapi? Kwenye udongo unaoporomoka? Au nimshushe nani? Nitajie wewe jina, nami nitamshusha. Na wa kusini wakisikia tumeandika watu wazima thelathini kwa siku moja, watatupeleka kortini, na hata hawa waliopanda watashuka." Halafu akafunika uso kwa kitambaa cha bega. "Rut alinilisha mimi nilipougua surua. Unadhani mimi nalala?"

Sikuweza kumtajia jina. Wewe ungemtaja nani?

Jumapili iliyopita, tarehe kumi na saba, nilisimama kanisani baada ya sala nikayasema yote mbele ya watu. Nilisoma mistari ya Salanieta, nikaungama kwamba nilijua na nikaandika. Nilisema pia alivyojibu Mzee, neno kwa neno, kwa sababu sikutaka wamdhanie vibaya. Hapo ndipo nilipokosea, lakini sikujua.

Bibi Rut alikuwa wa kwanza kusema. Akasema, "Mkwe wangu alinionyesha ukurasa huo kabla wewe hujazaliwa. Ndiyo maana unakula pilipili bila kutoa machozi, ukadhani ni ujasiri." Watu wakacheka, hata mimi. Nikamwuliza kwa nini hakusema siku za orodha. Akanishangaa kweli kweli. "Niseme nini? Si mlangoni hatuulizi? Na ningesema, ungeshuka uwe wa nane. Angalau mtoto wetu mmoja yuko pakavu." Akanimegea roti akaniwekea mdomoni kwa mkono wake, kama mtoto. Hiyo niliimeza.

Vasiti alikuwa amesimama nyuma, Lusi amemkalia begani, maji yanafika kwenye vifundo vya miguu. Akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Huyo mtoto alikuwa wa miezi mingapi?"

Nikasema minne.

"Na walimpokea kwa jino moja?"

Nikasema moja. Akatikisa kichwa.

Jumatatu asubuhi nilikuwa natengeneza uzio wa kuku. Nikamwona Vasiti anapanda njia ya kilima. Lusi amevaa gauni la Jumapili, amesukwa, amepakwa mafuta ya nazi mpaka anang'aa. Vasiti amebeba mkeka uliokunjwa na kikapu. Nyuma yake, mbali kidogo, wanawake wengine wawili, mmoja wa akina Permal na shemeji yake Vasiti, kila mmoja na mtoto wake mdogo.

Alitandika mkeka mbele ya nyumba yangu, akamkalisha Lusi. Akatoa kikapuni uzi mrefu wa vipande vya kombe, ule ambao Bauro alikuja nao kutoka kwao, ambao wamerithishana na hawajawahi kumwonyesha mtu. Akasema, "Kaka Apisai, jino la nyangumi sisi hatuna. Tuna hiki. Wewe unayajua maneno ya kutolea. Nisemee. Mzee amesema saba ni wengi, lakini mmoja aliwezekana. Huyu ni mmoja."

Nikamwambia, "Vasiti, sikusema hivyo. Mama yupo, baba yupo. Yule alikuwa yatima."

Akasema, "Unataka asubiri awe yatima?"

 Sereima alitoka ndani, alipoona mkeka akaelewa, akarudi ndani nikamsikia analia. Mzee Kinijoji alikuwa mlangoni kwake, nyumba ya tatu kutoka yangu. Akaja polepole. Niliyasema maneno, Dada. Niliyasema yote, ya asili, kama tulivyofundishwa, uzi wa kombe mikononi mwangu. Kwa desturi anayepokea huketi chini na kupiga makofi matatu. Mzee aliketi. Mikono yake ilikuwa magotini. Tulingoja. Jogoo aliwika, watu wakatoka milangoni mwao wakasimama. Mikono yake haikuinuka. Alimwangalia Lusi, Lusi akamwonyesha gauni lake. Baadaye Mzee alisimama kwa shida, akaenda nyumbani kwake. Hakupokea na hakukataa.

Wale wanawake wawili walipoona hivyo waliwashika watoto wao wakageuka. Vasiti hakugeuka. Alimwambia Lusi, "Kaa kwa shangazi Sereima. Mama anakwenda kuanika nguo." Akashuka kilima kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuanika nguo.

Nilitaka kumwita. Nilitaka kumbeba mtoto nimfuate. Sereima alinishika mkono akasema, "Ukimshusha leo, bamvua ni Alhamisi."

Sasa ni siku ya sita. Lusi anakula vizuri, anaogopa bata. Mumewe Vasiti alikuja Jumatano, akakaa uwanjani na mwanawe muda mrefu wakichora mchangani, kisha akaondoka bila kuingia ndani. Vasiti mwenyewe hajapanda. Nilimshukia, akanipa chai, akaniuliza habari za kuku. Hakuuliza la mtoto. Mzee hajatoka nyumbani. Afisa wa serikali nimempigia simu mara nne. Anasema anasikitika, na nina hakika ni kweli anasikitika.

Kutoka mlangoni petu nyumba yao inaonekana yote, pembeni mwa kanisa. Bamvua la juzi halikutoka kama yanavyotoka mengine. Tangu asubuhi leo Lusi amekaa kizingitini, na kila baada ya muda anainua kidole, ananiuliza maji yamefika wapi. Namwambia yamefika kwenye minazi. Yeye bado mdogo, hajui kupima kwa mbali. Ukutani kwao yamepita usawa wa kitanda.

Dada, sikuandiki ili utume chochote, wala ili unipe shauri, ingawa ukiwa nalo nitalipokea. Wapwa zangu wasomee sehemu ya kwanza, hii nyingine waifikie wakikua. Msalimie shemeji. Kwa waumini wenzako wa huko sema tu kwamba tupo. Sereima anakusalimu, Bibi Rut anakusalimu kwa jina lako la utotoni, na huyu aliyekaa kizingitini ananiambia nimwandike na yeye. Nimemwandika.

Ni mimi mdogo wako,
Apisai